Mwanangu wa Sheria, Andika Alama Zako Kama Zilivyo

Nawaandikia ninyi wanangu mnaosoma sheria, mnaokaa Mbagala, Tandika, Yombo, Mwananyamala, Tandale na Sinza. Nawaandikia mnaoamka alfajiri kugombea gari ili muwahi kipindi Mlimani, mnaosoma Chuo Kikuu Huria pale Biafra baada ya kazi za mchana, na mliokwisha kupata shahada mkaingia Shule ya Sheria kujiandaa kwa uwakili. Mimi ni wakili wa siku nyingi huku Temeke. Kila msimu wa fildi unapokaribia, meza yangu hujaa barua zenu na wasifu wenu, na sina tabia ya kuutupa kapuni wasifu wa mtoto wa mtu bila kuusoma. Ninaposoma naona bidii na kiu ya kazi. Lakini pia, mara nyingi kuliko ninavyopenda, naona namba isiyo ya kweli, na jambo hilo linaniuma.

Sisemi juu ya cheti cha kununua peke yake. Mwenye cheti cha kununua anajua anachofanya, na dola inamjua. Nasema juu ya mambo ambayo vijana wema wanayaona madogo: GPA iliyosogezwa juu kidogo, nafasi darasani ambayo hakuna mwalimu aliyeitoa, maneno "daraja la pili" yaliyoachwa yakielea bila kusema la juu au la chini, masomo ya Shule ya Sheria yaliyoandikwa kana kwamba yamekwisha kumbe bado kuna sapu mbili. Nataka niwaeleze kwa nini mambo hayo si madogo kwa mtu wa sheria, kisha niwaonyeshe namna ya kuandika kweli bila kujidhalilisha.

Nianze na kazi yenyewe mnayoitafuta. Asubuhi na mapema, kwenye ofisi za mawakili zilizo karibu na mahakama za Temeke na Kinondoni, watu husubiri na bahasha za kaki mkononi. Yupo binti anayeomba kazi ya uuguzi, yupo kijana anayeomba udereva serikalini, yupo mama mjane mwenye shauri la mirathi pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke. Wanataka wakili aweke nakala kando ya cheti halisi, alinganishe, kisha agonge muhuri na kutia saini kwamba nakala hiyo ni sahihi. Wengine wanataka kula kiapo mbele yake. Ofisa wa Sekretarieti ya Ajira hakuwepo wakati nakala ikilinganishwa. Anaikubali kwa kuwa wakili fulani, asiyemjua sura, amesema ni kweli. Ndiyo thamani yote ya muhuri ule. Miaka michache ijayo atakayeushika ni wewe. Basi jiulize: mkono ulioongeza desimali kwenye GPA yake mwenyewe utathibitishaje vyeti vya watu wengine?

Mahakamani ni vivyo hivyo. Wakili husimama akamwambia hakimu kwamba shahidi wake amelazwa Muhimbili, au kwamba jana alimpatia wakili wa upande wa pili nakala za hati. Kwa kawaida hakimu hamwapishi wakili kwa maneno kama hayo. Anayapokea kwa kuwa yametoka kwa ofisa wa mahakama. Siku hakimu akigundua kwamba wakili huyu husema visivyokuwapo, kila ombi lake baada ya hapo litatiliwa shaka, na atakayelipia shaka hiyo ni mteja maskini aliyeuza kiwanja ili amlipe. Mtu wa sheria huuza neno lake. Akiliharibu, hana kitu kingine cha kuuza.

Kwa sababu hiyo, kuingia kwenye Daftari la Mawakili si suala la kufaulu mitihani tu. Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, na Baraza la Elimu ya Sheria linakuchunguza. Linatazama elimu yako, linatazama na mwenendo wako. Ukishaapishwa bado unawajibika, kwa kuwa Kamati ya Mawakili inaweza kupokea malalamiko juu yako na kuagiza jina lako liondolewe. Nanyi mmesoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hivyo mnajua kwamba kughushi hati ni kosa lenye adhabu ya hadi kifungo cha miaka saba, na kwamba anayeitumia hati ya uongo huku akijua ni ya uongo hubeba adhabu ileile ya aliyeighushi. Kijana anayekwenda kwenye steshenari akaomba namba moja kwenye transkripti yake "irekebishwe" kwenye kompyuta, ameshatoka kwenye kujipamba na kuingia kwenye jinai ambayo yeye mwenyewe aliifanyia mtihani.

Sasa tuingie kwenye namba.

Vyuo vyetu hutumia kipimo cha pointi tano. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni sifuri. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa yuniti zake, jumla ikagawanywa kwa yuniti zote, ndipo ikapatikana GPA. Kuanzia 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Mtego upo kwenye mipaka hiyo. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu, hesabu hukatwa kwenye desimali ya kwanza, haipandishwi. Aliyepata 3.46 ana 3.4. Mwenyewe atasema hesabu za shule ya msingi zinaruhusu kuandika 3.5, lakini kwa hesabu hiyo amejitoa daraja la pili la chini akajiweka la juu, jambo ambalo Seneti ya chuo chake haikulifanya. Huyo ni sawa na muuza mchele anayebonyeza kitako cha kopo lake. Kwa jicho la mnunuzi kopo ni lilelile, kumbe ndani kipimo kimepungua. Msahafu una sura inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, na Kitabu cha Mithali kinasema mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Wazee wetu wa dini zote mbili walilijua jambo hili kabla ya GPA kuwepo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: andika namba iliyo kwenye transkripti, jinsi ilivyo, na daraja lililoandikwa na chuo, kwa jina lake kamili. Ukiandika "daraja la pili" peke yake ukitumaini msomaji atadhani ni la juu, umemdanganya kwa kunyamaza kusudi.

Kanuni ya pili: taja kipimo. Andika "3.4 kati ya 5.0". Wengi mnaomba nafasi kwenye mashirika ya kimataifa yenye ofisi Masaki na Oysterbay, au ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi. Marekani vyuo vingi hupima kwa pointi nne. Msomaji aliyezoea kipimo hicho akiona 3.4 bila maelezo atadhani una ufaulu wa juu sana. Mwingine ataona 4.1 na kudhani umekosea kuandika. Maneno mawili tu, "kati ya", yanawalinda nyote wawili.

Kanuni ya tatu: sema GPA hiyo ni ya hadi lini. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana GPA ya kuhitimu. Asichague mwaka wake mzuri akauita GPA yake, wala asikokotoe mwenyewe "GPA ya masomo ya sheria" kwa kuondoa kozi zilizomshinda. Kama unaona lazima uonyeshe hesabu yako mwenyewe, sema wazi kwamba ni yako, na uiweke chini ya ile rasmi. Mstari mmoja ulionyooka unaweza kusomeka hivi: "Shahada ya Kwanza ya Sheria, mwaka wa tatu kati ya minne, GPA ya jumla hadi mwisho wa mwaka wa pili: 3.4 kati ya 5.0." Ukiwa na A katika Sheria ya Mikataba na Sheria ya Ardhi, zitaje, ni haki yako na jasho lako. Ila ziandike kama alama za kozi hizo mbili, usiziache zisomeke kana kwamba ndivyo ulivyo katika kozi zote.

Kanuni ya nne inahusu vyeti vya nyuma. Wapo kati yenu waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014, wakati Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo kwa mfumo wa GPA badala ya divisheni, kabla ya divisheni kurudishwa. Mwenye cheti cha mwaka huo asijitafutie divisheni kwa makisio yake. Aandike kilichoandikwa kwenye cheti, na mwajiri akitaka ulinganifu ataupata kwenye Baraza lenyewe.

Nije kwenye nafasi darasani, maana hapa ndipo ninapoona uongo mwingi unaosemwa kwa moyo mweupe. Sisi Watanzania tumelelewa na nafasi. Ripoti ya darasa la tatu hurudi nyumbani ikisema mtoto ni wa nne kati ya mia na kumi, na mtaa mzima unaambiwa. Kwa miaka mingi matokeo ya taifa yalikuja na kumi bora, na aliyeongoza nchi aliitwa TO, Tanzania One, jina ambalo alitembea nalo mpaka chuoni. Kisha Januari 2023, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, Athumani Amasi, alieleza kwamba Baraza halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa kuwa jambo hilo halina tija. Wapo waliolalamika. Mimi niliona hekima ndani yake, kwa sababu mtoto wa shule ya kata huko Mbagala iliyojaa wanafunzi na mtoto wa shule ya bweni yenye maabara kamili hawakuanza mbio mstari mmoja.

Kwa kawaida transkripti za vyuo vyetu huonyesha kozi, alama, yuniti na GPA. Nafasi ya mwanafunzi darasani haimo. Hata hivyo napokea wasifu ulioandikwa "miongoni mwa asilimia kumi ya juu ya darasa" au "wa tatu katika darasa la wanafunzi mia mbili". Najua maneno hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye violezo vya Marekani vilivyojaa kwenye intaneti. Kule kampuni za mawakili zimezoea kuuliza nafasi, na shule nyingi za sheria humpa mwanafunzi wake nafasi au kumwambia yuko kwenye asilimia ngapi. Kijana wetu anachukua kiolezo, anakuta mstari huo, na kwa kuwa hataki kuuacha wazi anaujaza kwa kukisia: amewahesabu rafiki zake wanaomzidi, akaona ni wawili, basi yeye ni wa tatu. Mwanangu, kuongoza kundi lenu la kujisomea pale Yombo si kuongoza darasa. Hujaona matokeo ya wote. Unatoa ushahidi wa jambo usilolijua, na Sheria ya Ushahidi uliyoisoma inakufundisha thamani ya ushahidi wa namna hiyo.

Kama unaamini kweli una nafasi ya juu, nenda ofisi ya mkuu wa kitivo cha sheria chuoni kwako uombe barua. Wakikupa, andika kama walivyoandika: nafasi ya ngapi, kati ya wangapi, ya mwaka gani. Nafasi ya mwaka wa kwanza usiifanye ya kuhitimu. Kama mmefungana watatu, sema mmefungana. Wakisema hawatoi nafasi, futa mstari huo, wala hujapungukiwa kitu. Ukipewa zawadi ya mwanafunzi bora wa kozi fulani, taja jina la zawadi, aliyeitoa na mwaka, kwa kuwa hilo linaweza kuthibitishwa na mtu mwingine zaidi yako. Hicho ndicho kipimo cha kila mstari wa wasifu: je, yupo mtu mwingine, au karatasi nyingine, itakayosema maneno hayohayo?

Upo mtego mwingine unaowapata wale mliofika Shule ya Sheria. Oktoba 2022 nchi nzima ilisikia kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani pale, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioshindwa kabisa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe ichunguze. Kwa hiyo kula sapu pale si aibu ya mtu mmoja, na waajiri wote wa mji huu wanajua ugumu wa mahali hapo. Kwa nini basi uandike "Shule ya Sheria, 2022" kimya kimya, ili msomaji adhani umemaliza? Andika: "Nimemaliza masomo, nasubiri mtihani wa marudio wa somo moja." Mwajiri atapanga ratiba yako ya ofisi kwa kujua hilo. Asipojua, siku ya mtihani utamwomba ruhusa kwa uongo mwingine, na huo utazaa wa tatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Na kabla jina lako halijaingia kwenye Daftari, usijiite wakili kwenye wasifu, kwenye barua wala kwenye kadi. Wewe ni mwanafunzi wa sheria au mhitimu wa sheria, na hilo ni jina la heshima. Majirani pale Tandika wanaweza kukuita wakili kwa mapenzi yao, hilo usiwagombeze. Lakini mjane mwenye shida ya nyumba akikuamini kwa jina usilostahili, hasara itakuwa yake.

Sasa nizungumze na wenye alama ndogo, kwa kuwa najua ndio wenye majaribu makubwa. Nawajua. Wengine bumu lilichelewa mkashinda njaa wiki za mitihani. Wengine mlikuwa mkiuza duka la mama jioni, mkifungua daftari saa tano usiku. Wengine mlimuuguza baba muhula mzima. Mna 2.7, mna 2.9, na mnaogopa kwamba mwenye 4.2 akiingia mlangoni ninyi mmekwisha. Nawaambieni yafuatayo.

Wasifu ni wako. Pale usipoulizwa GPA hulazimiki kuiandika, na kuiacha si uongo. Ila ukiiacha, usiweke kitu cha kuifunika, kama "ufaulu wa hali ya juu" au nafasi ya kubuni. Na ukiulizwa, iwe kwenye fomu au kwenye usaili, jibu kwa namba, macho juu. Matangazo ya ajira za umma hudai transkripti pamoja na vyeti, hukataa hati za matokeo ya muda, na huonya kwamba taarifa za kughushi zitachukuliwa hatua za kisheria. Nafasi za ukufunzi msaidizi kwenye vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8. Kama huna 3.8, mlango huo kwa sasa si wako, na kuupigia hodi kwa namba ya uongo ni kujitafutia fedheha. Tafuta ulio wako.

Kama kuna sababu iliyokuangusha, ieleze kwenye barua ya maombi kwa sentensi mbili, bila kulia wala kumlaumu mtu: "GPA yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa 2.6, mwaka ambao nilikuwa nikifanya kazi usiku kulipa ada. Mwaka wa pili nilipata 3.1 na wa tatu 3.6, transkripti nimeiambatisha." Maneno hayo yana nguvu kuliko 3.5 ya kubuni. Yananiambia kwamba mtu huyu anaweza kuanguka akainuka, na kwamba anaweza kunieleza jambo baya kabla sijaligundua mwenyewe. Katika ofisi ya wakili, sifa hiyo ya pili ni adimu. Siku karani akisahau tarehe ya mwisho ya kuwasilisha utetezi, nahitaji mtu atakayeniambia asubuhi hiyohiyo, wakati bado kuna la kufanya. Nimewahi kumpokea kijana aliyeiandika 2.8 yake mstari wa juu kabisa, bila kuificha. Nilimpa nafasi kwa sababu ya mstari huo, na hadi leo akiniambia jambo silirudii kuliuliza.

Kisha jaza wasifu kwa kazi uliyoifanya. Msaada wa kisheria kwa wanyonge una historia ndefu mjini hapa. Kamati ya Msaada wa Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo tangu miaka ya tisini, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani. Ukijitolea huko, ukasikiliza wanawake waliodhulumiwa viwanja, ukaandika rasimu za barua na hati za madai, andika hivyo. Hapa pia pima maneno. "Nilihudhuria kesi" si "niliendesha kesi". "Nilisaidia kuandaa rasimu" si "niliandaa". Aliyekusimamia ndiye utakayemweka kama mdhamini wako, na simu yake nitaipiga. Mficha uchi hazai, wanangu: anayeficha udhaifu wake hapati wa kumsaidia auondoe.

Mtu ataniambia, mzee, wangapi wamedanganya na wamefika mbali? Nitamjibu kwa jambo ambalo sote tulilishuhudia. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi hawakuwa wageni kazini. Walikuwa na nyumba, mikopo, watoto shuleni na heshima mtaani. Wakaambiwa waondoke, na waliosita wakatishiwa mashtaka. Miaka mitano baadaye, Mei 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza warudishiwe michango yao wenyewe ya pensheni, jambo la huruma. Lakini michango si heshima, wala si miaka. Karatasi waliyoiweka wakiwa vijana iliwasubiri mpaka walipokuwa na cha kupoteza.

Wala msidhani tamaa ya nafasi ni ugonjwa wa vijana wa uswahilini peke yao. Mwaka 2011 ilibainika kwamba Chuo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa kimekuza takwimu za alama za wanafunzi wake wapya, hizohizo zinazotumika kupanga vyuo kwa ubora. Mwaka 2012 Chama cha Wanasheria wa Marekani kilikikaripia hadharani na kukitoza faini ya dola 250,000. Chuo kizima cha sheria, chenye maprofesa na maktaba, kilipoteza uaminifu kwa sababu ya desimali. Mkubwa akifanya hivyo haimpi mdogo ruhusa. Inamwonyesha tu kwamba cheo hakimkingi mtu na aibu.

Na kama umekwisha kutuma wasifu wenye uongo? Usikate tamaa, na usingoje. Andika leo: "Kwenye wasifu niliowatumia nilitaja GPA ya 3.5. GPA sahihi kwa mujibu wa transkripti ni 3.4. Naomba radhi, na nimeambatisha wasifu uliorekebishwa." Usiseme ni kosa la mchapaji kama halikuwa lake. Yamkini utaikosa nafasi hiyo. Lakini utalala, na jina lako halitakuwa na deni kwenye faili la mtu.

Wazazi wenzangu, nanyi nawaomba jambo. Uongo mwingi wa vijana wetu huanzia sebuleni kwetu. Mtoto anarudi na 3.0, sisi tunamuuliza kwa nini si kama wa jirani. Tunawatangazia watu wa kikundi cha kukopeshana kwamba ana daraja la kwanza kabla hatujaona karatasi, na mtoto anaona bora aitengeneze namba kuliko kutuaibisha. Tuwaulize walijifunza nini. Tuwasifu wanapotuambia kweli chungu. Sisi tuliokua na TANU tulikuwa na ahadi tulizozitamka kwa sauti, mojawapo ikiwa ni kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikumalizika muda wake.

Wanangu, elimu ya sheria ya chuo kikuu nchini mwetu ilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika hata ishirini. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na kisha Waziri wa Sheria. Hakuna anayeuliza leo alikuwa wa ngapi darasani. Watu wanakumbuka alichofanya na jinsi alivyoaminiwa. Nanyi itakuwa hivyo. Baada ya kesi zenu chache za kwanza hakuna hakimu wala mteja atakayeulizia GPA yenu, ila kila siku, mpaka mzeeke, watauliza kama neno lenu linashikika.

Basi leo kabla hujalala, weka wasifu wako kushoto na transkripti kulia, ulinganishe mstari kwa mstari. Kisichofanana, kirekebishe. Usichoweza kukithibitisha, kifute. Kitakachobaki ni chako, kidogo au kikubwa, na hakuna atakayeweza kukunyang'anya. Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki ya halali, awape ujasiri wa kusema kweli hata inapowagharimu, na siku Jaji Mkuu atakapowaapisha, awajalie wazazi wenu wawepo kuishuhudia.